John Butler: Mkulima aliyepiga marufuku somo asilolijua

ASUBUHI ya siku aliyotimiza umri wa miaka 49, mwishoni mwa mwaka wa 1924, mkulima mmoja wa jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani, aliketi nyumbani kwake akatwaa kalamu na karatasi. Kulikuwa na jambo lililokuwa likimkera moyoni kwa miaka kadhaa. Alipoiweka kalamu chini, alikuwa ameandika mswada mfupi ambao miezi michache baadaye ungelieneza jina lake katika magazeti ya mabara yote.

Mkulima huyo ni John Washington Butler. Hakuwa wakili wala msomi wa chuo kikuu, na wadhifa wake wa kisiasa ulikuwa ule wa mjumbe wa Bunge la Wawakilishi la jimbo lake. Hata hivyo, sheria aliyoitunga ya kuwazuia walimu wa shule za umma kufundisha kwamba binadamu alitokana na wanyama ilidumu kwa miaka 42. Ilizua kesi ambayo ingali inasomwa na wanasheria, na ikaacha swali ambalo mataifa mengi hayajalimaliza: ni nani mwenye haki ya kuamua mtoto afundishwe nini katika shule inayojengwa kwa kodi ya wote?

Butler alizaliwa mwaka wa 1875, na maskani yake yalikuwa katika Kaunti ya Macon, kaskazini mwa Tennessee, karibu na mpaka wa Kentucky. Alilima mahindi, tumbaku na ngano. Ujanani alikuwa amefundisha shule kwa miaka mitano, majira ya baridi wakati mashamba yalipopumzika. Alikuwa baba wa watoto watano, na katika kanisa lake la Primitive Baptist aliaminiwa hata akafanywa katibu wa muungano wa makanisa ya eneo hilo.

Chanzo cha mswada wake kilikuwa mahubiri. Mhubiri mmoja aliyezuru kanisa lao alisimulia habari za msichana wa eneo hilo aliyekwenda kusoma chuo kikuu. Aliporudi nyumbani, imani aliyolelewa nayo ilikuwa imemtoka. Aliamini kwamba binadamu hakuumbwa na Mungu bali alitokana na viumbe wa chini yake. Butler alitoka kanisani akiwaza juu ya wanawe mwenyewe.

Hoja aliyoijenga kutokana na kisa hicho haikuwa ya kipuuzi, na ndiyo sababu iliwagusa wengi. Wakulima wa Tennessee walitozwa kodi ili shule zijengwe na walimu walipwe. Iweje basi, aliuliza, fedha ya mzazi itumiwe kuibomoa imani ambayo mzazi huyo ameijenga kwa mwanawe? Alishikilia kuwa Biblia ndiyo msingi wa serikali ya Marekani, na kwamba anayeidhoofisha Biblia anaidhoofisha nchi. Aliye na mawazo tofauti na ayafundishe kanisani kwake au barabarani, lakini si darasani kwa mshahara wa umma.

Aligombea kiti cha bunge la jimbo mwaka wa 1922 kwa ahadi hiyo, akashinda. Mwaka wa 1924 alirejeshwa bungeni kwa muhula wa pili.

Hakuwa peke yake katika vita hivyo. William Jennings Bryan, mwanasiasa mashuhuri aliyewania urais wa Marekani mara tatu bila kufaulu, alikuwa akizunguka majimboni akihimiza sheria za aina hiyo. Katika jimbo jirani la Kentucky, mswada kama huo ulianguka mwaka wa 1922 kwa tofauti ya kura moja tu. Mapema mwaka wa 1924 Bryan alihutubu mjini Nashville, makao makuu ya Tennessee, na hotuba yake ikachapishwa na kusambaziwa wabunge.

Butler aliwasilisha mswada wake Januari 21, 1925. Uliharamisha kufundisha, katika chuo au shule yoyote iliyopata fedha za jimbo, nadharia inayokanusha simulizi ya Biblia kuhusu kuumbwa kwa binadamu, na kufundisha badala yake kuwa binadamu alitokana na wanyama wa daraja la chini. Haukugusa mimea, ndege wala samaki. Uliwahusu binadamu pekee. Mwalimu ambaye angepatikana na hatia angetozwa faini ya kati ya dola 100 na 500 kwa kila kosa.

Hapo Butler alikwenda mbali kuliko hata Bryan. Mwanasiasa huyo mzoefu alimshauri seneta mmoja wa Tennessee kwamba sheria hiyo isiwe na adhabu, maana adhabu ingewapa wapinzani wake sababu ya kwenda mahakamani. Ushauri huo haukufuatwa.

Katika Bunge la Wawakilishi mswada ulipita siku saba tu baada ya kuwasilishwa, kwa kura 71 dhidi ya 5, bila mjadala wa maana. Ulikwama kwa muda katika Seneti, ambako kamati iliukataa mwanzoni. Lakini mwezi wa Februari mhubiri maarufu Billy Sunday aliendesha mikutano ya injili mjini Memphis kwa siku 18, akiishambulia nadharia ya mageuko mbele ya maelfu ya watu, na shinikizo la wapiga kura likazidi. Machi 13, Seneti iliupitisha kwa kura 24 dhidi ya 6.

Ukabaki mkononi mwa Gavana Austin Peay. Kiongozi huyo alikuwa mwanamageuzi aliyetaka kujenga barabara na kuimarisha elimu. Wakati huohuo alikuwa akisukuma sheria kubwa ya elimu ambayo ingehakikisha kwamba watoto wa vijijini nao wanasoma miezi minane kwa mwaka. Alizihitaji kura za wabunge wa mashambani, wenzake Butler. Machi 21 alitia sahihi, akiliarifu bunge kwamba hakutarajia sheria hiyo itumike kamwe.

Ndivyo wengi walivyojifariji. Wapo wabunge waliopiga kura ya ndiyo wakitumaini Seneti ingeuzima mswada, na maseneta waliotumaini gavana angeukataa. Gavana naye aliwaachia wengine mzigo huo. Butler pekee ndiye aliyekuwa akimaanisha kila neno aliloliandika.

Haikuchukua muda kabla ya matumaini hayo kuyeyuka. Chama kimoja cha kutetea uhuru wa raia kilichokuwa na makao yake New York kilitangaza magazetini kuwa kingemtetea mwalimu yeyote ambaye angekubali kushtakiwa ili sheria ijaribiwe mahakamani. Wafanyabiashara wa Dayton, mji mdogo mashariki mwa Tennessee, waliona fursa ya kuutangaza mji wao. Walimwita John Scopes, mwalimu mwenye umri wa miaka 24, naye akakubali kuwa mshtakiwa ingawa hakuwa na hakika kama aliwahi kulifundisha somo hilo.

Kitabu kilicholeta mashtaka hayo kilikuwa kimeidhinishwa na jimbo lenyewe. Mwalimu alitakiwa na serikali kukitumia kitabu chenye sura juu ya mageuko, kisha akakatazwa na serikali hiyohiyo kuyafundisha yaliyomo. Aidha, kitabu hicho hakikuwa sayansi safi. Kiliwagawa binadamu katika mbari tano na kuwaweka Wazungu juu ya wengine wote, na kilitetea kuzuiwa kuzaa kwa watu walioonwa kuwa dhaifu. Si Butler wala wapinzani wake walioiweka kasoro hiyo mbele ya mahakama.

Kesi ilianza Julai 10, 1925 katika joto kali. Bryan alijiunga na upande wa mashtaka, naye Clarence Darrow, wakili mashuhuri wa Chicago, akaongoza utetezi. Waandishi wa habari zaidi ya 100 waliwasili, na kituo kimoja cha redio cha Chicago kilitangaza kesi moja kwa moja, jambo ambalo halikuwahi kufanyika Marekani.

Miongoni mwa waliohudhuria alikuwa Butler mwenyewe. Shirika moja la habari lilikuwa limemwajiri aandike maoni yake juu ya kesi iliyozaliwa na kalamu yake. Alikiri kuwa hakuwahi kudhani mswada wake ungezua kishindo kama kile. Alitarajia ungekuwa sheria na watu wangeitii, basi.

Hapo Dayton ndipo lilipotokea jambo linalomtofautisha Butler na picha ya mshamba mjinga iliyochorwa na baadhi ya wanahabari wa miji mikubwa. Utetezi ulikuwa umewaleta wataalamu wa sayansi kutoka vyuo mbalimbali ili waieleze mahakama nadharia ya mageuko ni nini hasa. Upande wa mashtaka ulipinga vikali, ukidai kuwa swali lilikuwa moja tu: je, mwalimu alivunja sheria au hakuivunja? Julai 17 Jaji John Raulston aliamua kuwa wazee wa baraza hawangesikiza ushahidi huo.

Butler hakukubaliana na upande uliokuwa ukiitetea sheria yake. Aliwaambia wanahabari kuwa haki ilitaka wataalamu wasikizwe. Isitoshe, alisema, yeye mwenyewe angependa kujua mageuko ni kitu gani.

Yalikuwa maneno ya mtu mkweli, lakini yalifichua udhaifu mkubwa wa kazi yake. Swali alilolitamani jibu mwezi Julai lilipaswa kuulizwa Januari, kabla ya kura 71 kupigwa. Bunge lilikuwa limepiga marufuku somo bila kumwita hata mwalimu mmoja wa somo hilo, na sasa mahakama nayo ilikuwa imeufunga mlango.

Yaliyofuata yanajulikana. Julai 20 Darrow alimhoji Bryan kuhusu Biblia kwenye uwanja wa nje wa mahakama. Siku iliyofuata wazee wa baraza walichukua dakika tisa tu kumpata Scopes na hatia, na jaji akamtoza faini ya dola 100. Bryan alifariki Dayton siku tano baadaye.

Mnamo Januari 1927, Mahakama ya Juu ya Tennessee iliibatilisha hukumu kwa kasoro ya utaratibu: faini iliyozidi dola 50 ilipaswa kuamuliwa na wazee wa baraza, si jaji. Lakini iliitangaza sheria yenyewe kuwa halali, kisha ikashauri kesi itupwe. Kwa hivyo wapinzani walikosa hukumu ya kukatia rufaa katika Mahakama ya Juu ya Marekani, na sheria ikabaki. Mississippi ilipitisha sheria kama hiyo mwaka wa 1926, nayo Arkansas mwaka wa 1928.

Butler alirudi shambani kwake na hakupata tena umaarufu kama ule. Alifariki mwaka wa 1952 sheria yake ikiwa hai. Ni nadra ilipotumika mahakamani, lakini sheria haihitaji kutumika ili iumize. Wachapishaji waliogopa kupoteza masoko, na neno mageuko likafutwa katika vitabu vingi vya shule. Walimu walijifunza kuiruka sura hiyo kimyakimya, na wanafunzi wa vizazi viwili wakamaliza masomo bila kujua walichonyimwa.

Mwaka wa 1967 mwalimu kijana wa Kaunti ya Campbell alifutwa kazi kwa kuikiuka. Alirejeshwa, lakini akaamua kuipinga sheria mahakamani. Bunge la Tennessee halikutaka kuiona Dayton ya pili. Kura ya kwanza ya Seneti ilikwisha kwa sare. Ya pili iliifuta sheria, na Gavana Buford Ellington akatia sahihi Mei 18, 1967. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani iliiharamisha sheria ya Arkansas, ikiamua kuwa serikali haiwezi kurekebisha masomo ya umma ili yalingane na mafundisho ya dini fulani.

Sheria ilikufa, lakini swali halikufa, wala halikubaki Marekani. Mwaka wa 2006, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili humu nchini walipinga Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi kuonyesha mifupa ya mvulana wa Turkana kama ushahidi wa mageuko. Mifupa hiyo, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 1.5, iligunduliwa mwaka wa 1984 na Kamoya Kimeu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Makavazi hayakukubali kuificha, na makanisa yaliendelea kuhubiri yanayoyaamini. Aliyetaka kuitazama aliitazama, na asiyetaka hakulazimishwa.

Butler hapaswi kukumbukwa kama mtu mbaya. Wasiwasi wake ulikuwa wa kila mzazi anayemkabidhi mwanawe kwa watu asiowajua, na haki ya mlipa kodi kuuliza shule zinafunza nini ni haki ya kweli. Kosa lake ni kuwa alitunga sheria kwanza, akauliza baadaye. Kuuliza si ujinga, walinena wahenga. Na mbunge anayeuliza kabla ya kuinua mkono huwaokolea wajukuu wake kazi ya miaka 42.