Hayati Mzee Kenyatta na Siri ya Moyo

Hayati Mzee Jomo Kenyatta twamkumbuka kwa mgwisho wake, ndevu zake na sauti yake nzito. Leo nataka kumtaja kwa kitu ambacho hakitajwi sana: moyo wake, huo wa nyama uliokuwa kifuani.

Mwaka 1922 aliajiriwa na baraza la mji wa Nairobi katika idara ya maji, na kazi yake ilikuwa kusoma mita. Alijenga nyumba Dagoretti, akaweka humo bidhaa za kuwauzia majirani, akaiita Kinyata Stores. Sehemu hizo leo zimeshonana na Kawangware. Ukivuka Barabara ya Ngong waingia Kibera, ambako tayari walikaa Wanubi, askari wa KAR na jamaa zao, Waislamu wenzetu. Kenyatta alikuwa kijana mtanashati, mpenda sinema na mpira. Yaliyofuata yajulikana: kwenda Uingereza 1929, kurejea 1946, kukamatwa 1952, kuachiwa 1961, kushika serikali 1963. Nayapita.

Alipokuwa mkuu wa nchi, mwili ulianza kumtahadharisha. Mwaka 1966 alipata kiharusi chepesi, na Mei 1968 kikamrudia. Jongo lilimsumbua, na moyo pia. Wananchi hawakuambiwa. Oktoba 1976 Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, alitangaza kwamba hata kuwazia kifo cha Rais ni kosa la kunyongwa. Hivyo nchi nzima ilifundishwa kwamba ugonjwa wa mkubwa ni siri, na sisi wadogo tukaiga.

Usiku wa kuamkia Jumanne, 22 Agosti 1978, mwezi wa Ramadhani, karibu na saa za daku, moyo wake ulisimama katika Ikulu ya Mombasa. Nilikuwa mtoto wa chuoni, na watu wazima walisema ni kifo cha ghafula.

Ghafula wapi! Moyo unaolisha mwili mzima nao hulishwa damu kwa mishipa yake wenyewe. Mafuta hujijenga katika kuta za mishipa hiyo miaka na miaka, kama uchafu ndani ya bomba la maji. Presha, sukari na tumbaku huharakisha. Siku utando ule ukipasuka, damu huganda hapo, njia ikaziba, na nyama ya moyo ikaanza kufa.

Nikipita Kibera na Kawangware, siri ile ile naikuta. Fundi viatu abanwa kifua akipanda kilima, ameza dawa ya vidonda vya tumbo. Mama wa chapati akosa pumzi, asema ni uchovu. Maradhi ya moyo, waniambia, ni ya matajiri. Lakini mtu alaye chumvi nyingi na mafuta yaliyokaangiwa mara kumi, avutaye sigara na asiyepimwa presha tangu azaliwe, ana kila kitu cha tajiri isipokuwa mali.

Msomaji, kifua kikibana na kisiachie kwa dakika chache, maumivu yakapanda begani, mkononi au tayani, na jasho baridi likatoka, ni hospitali saa ile ile. Wanawake na wenye sukari huenda wasiumwe kifua kabisa, wakakosa pumzi tu. Daktari hupima umeme wa moyo, hutoa aspirini na dawa za kuyeyusha damu iliyoganda. Pengine hupitisha puto mshipani, au mpasuaji hutengeneza njia mpya kwa mshipa wa mguuni. Puto hilo lilitumiwa kwa mgonjwa mara ya kwanza Zurich, Septemba 1977, miezi kumi na moja tu kabla ya Mzee kufa. Vidonge vya presha navyo haviachwi kwa kuwa mtu ajisikia mzima, wala kwa sababu ya kufunga: muulize daktari kabla ya Ramadhani, naye atavipanga kwa saa za futari na daku.

Mzee alizikwa 31 Agosti 1978 katika viwanja vya Bunge. Hospitali kubwa ya taifa yenye jina lake haiko mbali na Kibera, na yule fundi viatu hupita mbele yake kila asubuhi akienda kazini.