Aliyeivuka Afrika kwa Baiskeli ya Pauni Sita

Sisi watu wa pwani, tuliolelewa penye ardhi tambarare, huidhani baiskeli kuwa ni kitu chepesi. Mimi nilidhani hivyo mpaka nilipofika Kisumu na mwenyeji wangu akaniazima baiskeli yake, ile nyeusi nzito ambayo watu wameipa jina la nyoka, Black Mamba. Asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri nikashika njia ya Kakamega. Mpaka Mamboleo nilikuwa kama bwana harusi. Kilima cha Riat kilipoanza, pumzi zikakatika, magoti yakagoma, na upindo wa kanzu ukanaswa na mnyororo. Nikashuka, nikaikokota. Kijana mmoja mwenye kapu la samaki kwenye keria akanipita amesimama juu ya pedali. Akaniamkia shikamoo mzee, na shikamoo yake ikanizidishia haya.

Nilipofika juu nikageuka nyuma. Ziwa lilikuwa limetandazwa chini kama sinia ya fedha. Nikiwa nimekaa pale kwenye jiwe, nikamkumbuka mtu mmoja aliyeishi miaka kumi na minne katika milima ya upande huu, kisha akaondoka Afrika ya Mashariki kwa baiskeli kama ile ile iliyonishinda. Jina lake halitajwi sana kwetu, ingawa wapanda milima na mabaharia wa dunia nzima wanalijua. Naomba ruhusa ya wasomaji nimsimulie.

Harold William Tilman, aliyezoeleka kwa jina la Bill, alizaliwa Wallasey, karibu na Liverpool, tarehe 14 Februari 1898. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sukari. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta shuleni, kisha akaenda kwenye mizinga huko Ufaransa. Alijeruhiwa, akatunukiwa nishani ya Military Cross mara mbili, na vita vilipokwisha alikuwa bado hajatimiza miaka ishirini na mmoja. Vijana wengi wa rika lake walikuwa wamezikwa.

Mwaka 1919 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kuwagawia askari wake waliostaafu mashamba katika nchi yetu. Yalikuwa zaidi ya mashamba elfu moja, na mwenye kupata alipata kwa bahati nasibu. Tilman alikuwa mmoja wa waliobahatika. Akashuka Mombasa, akapanda gari la moshi la bara, akapewa kipande cha msitu upande wa Kericho, katika nchi ya Wakipsigis.

Hapa lazima kalamu isimame kidogo. Bahati nasibu ile haikuwa na tikiti ya mtu mweusi. Katika vita hivyo hivyo, wanaume wa Nyanza walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, kikosi kile kilichoacha jina la Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Wapagazi waliokufa kwa njaa, homa na kuhara walikuwa makumi ya maelfu. Waliorudi hawakugawiwa hata ekari. Basi shamba la kijana huyu, hata kama yeye mwenyewe hakulipora kwa mkono wake, lilikuwa limeporwa kabla hajashuka melini.

Alifyeka msitu, akalima. Walowezi wengi wa upande ule walianza na kitani, kwa sababu bei yake baada ya vita ilikuwa juu. Bei ikaanguka, wengi wakafilisika. Tilman akashika kahawa. Baadaye akawa na shamba Sotik pia. Kwa miaka kumi hivi alikuwa mtu wa jembe tu, hana mke, hana maneno mengi.

Lililomtoa shambani ni milima. Mwaka 1930 alikutana na mlowezi mwenziwe kijana, Eric Shipton, aliyekuwa tayari ameonja vilele vya Mlima Kenya. Mwaka huo huo wakapanda Kilimanjaro pamoja, kisha wakaupanda Mlima Kenya kwa ukingo wa magharibi, njia ambayo hakuna aliyekuwa ameipitia kabla yao. Mwaka 1932 wakaenda Ruwenzori.

Mwaka uliotangulia, 1931, dhahabu ilikuwa imepatikana Kakamega, na wazungu waliofilisika mashambani wakamiminika huko na sururu. Tilman naye alikwenda. Dhahabu ya kumtajirisha hakuipata. Lakini wenyeji walipata msiba. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao ni yao daima, na ikitwaliwa sehemu kwa haja ya umma watafidiwa ardhi nyingine. Dhahabu ilipong'aa, sheria hiyo ikageuzwa mwaka 1932: fidia ikawa fedha, na wenyeji hawakulazimika tena kuulizwa. Ahadi ya daima haikufika miaka mitatu.

Sasa nafika kwenye baiskeli. Mwaka 1933 Tilman aliamua kurudi kwao. Njia ya kawaida ilikuwa meli kutoka Mombasa, naye hakuitaka. Alitamani kutokea upande wa pili wa bara, kwenye bahari ya magharibi. Kwa miguu angechukua miezi mingi, na gari lilikuwa ghali. Akanunua baiskeli ya Kiingereza kwa pauni sita, akafunga mzigo mdogo, na mwezi Septemba akaondoka Kampala peke yake.

Alipita Uganda magharibi chini ya milima ya Ruwenzori aliyokwisha kuipanda. Akaingia Kongo ya Wabelgiji, katika msitu ule mkubwa ambamo njia ni kama uchochoro baina ya kuta mbili za miti. Akafika Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, mji ambao historia yake haikosi kumtaja mtu wetu wa Zanzibar, Tippu Tip, na ambako Kiswahili kimebaki mpaka leo. Kisha akaingia katika nchi zilizotawaliwa na Ufaransa: Ubangi-Shari, ambayo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati ya leo, akapita Bangui, kisha Kameruni yenye vilima vya kupanda na kushuka kutwa kucha.

Na huko nako palikuwa na damu isiyokauka. Wafaransa walikuwa wakiwakamata watu kwenda kujenga reli ya Kongo hadi baharini, na vifo havikuhesabika. Wagbaya waliasi mwaka 1928 katika vita vinavyoitwa Kongo-Wara, yaani vita vya mpini wa jembe, navyo vilizimwa mwaka 1931, miaka miwili tu kabla gurudumu la Tilman halijakanyaga koloni hiyo.

Alikula ndizi na vyakula vya vijijini. Hakuwa na msafara wala mpishi. Kwa siku 56 alisukuma pedali maili 3,000 hivi, yaani kilomita 4,800, wastani wa kilomita themanini na ushei kila siku, mvua na jua. Mwezi Novemba akaiona bahari huko Kribi, pwani ya Kameruni. Safari hiyo na miaka yake ya Kenya aliisimulia katika kitabu chake Snow on the Equator, kilichotoka mwaka 1937.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Mwaka 1936 yeye na Noel Odell walikuwa wa kwanza kufika kilele cha Nanda Devi nchini India, chenye mita 7,816. Mwaka 1938 aliongoza msafara wa Everest, usiofika juu. Katika Vita vya Pili aliruka kwa mwavuli nyuma ya adui huko Albania na Italia, naye ana zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1954, alipoona pumzi za milimani zinapungua, alinunua jahazi kuukuu liitwalo Mischief, akawa baharia. Alifika Patagonia na Greenland, na mwaka 1957 hadi 1958 akaizunguka Afrika nzima kwa tanga. Mwisho wake ulikuwa wa baharini pia. Novemba 1977 alikuwa katika chombo kiitwacho En Avant kilichotoka Rio de Janeiro kwenda visiwa vya Falkland. Hakikuonekana tena. Angetimiza miaka themanini Februari iliyofuata.

Niliporudi mjini nilimpelekea baiskeli fundi mmoja mzee pale Kibuye anitolee kanzu kwenye mnyororo. Akifanya kazi nikamhadithia habari za Tilman. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kuzistaajabia maili 3,000. Kisha akaniambia kwamba babu yake alikwenda Kariakoo hakurudi, na kwamba baba yake alipeleka samaki kutoka Dunga mpaka Luanda kwa baiskeli, akipanda vilima vya Maseno, mara tatu kwa wiki kwa miaka ishirini. Akaniuliza kama yuko aliyeandika habari zake. Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nimepiga hesabu. Kupanda na kushuka kwa miaka ishirini kunazipita maili 3,000 mara nyingi. Hilo halimpunguzii Tilman kitu. Alipewa ardhi kwa nguvu ya bunduki, akaiacha. Na la huku kwetu ninaloliona la kumsifia ni lile alilolifanya kwa miguu yake mwenyewe, bila kubebewa mzigo, kwa kipando cha maskini. Sisi tunaomsifu Ibn Battuta kwa kufika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 hatuwezi kumnyima msafiri haki yake kwa kuwa si wetu. Lakini Ibn Battuta na Tilman wamebaki kwa sababu moja: waliandikiwa vitabu.

Siku hizi pikipiki zimezifukuza baiskeli nyingi njiani, Kisumu kama kwingineko. Wazee waliozisukuma vilimani wanatutoka mmoja mmoja. Nilimlipa fundi, nikatoa daftari, nikamwomba anitajie jina la baba yake na mwaka aliponunua baiskeli ya kwanza. Akaweka spana chini, akaanza.