Kawawa: Kutoka Kudai Haki za Watumishi hadi Kusimamia Sheria Zao

Mwanasheria wa Halmashauri ya Wilaya ya Iramba, mjini Kiomboi, anapomshauri mwajiri kuhusu madai ya watumishi, hupita njia iliyoanza kuchongwa mwaka 1962 chini ya Hayati Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye hakuwa mwanasheria.

Alizaliwa Songea mwaka 1926, akasoma Tabora, kisha akaajiriwa Serikalini kama karani. Aliongoza chama cha watumishi Waafrika wa Serikali na, mwaka 1955, akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika (TFL). Watumishi walipigwa marufuku kushiriki siasa. Mwaka 1956 aliacha kazi, akajiunga na TANU.

Januari 1962 akawa Waziri Mkuu, na wenzake wa jana wakawa ndio wanaomdai. Mwaka huo Bunge lilipitisha sheria zilizozuia mgomo kabla ya usuluhishi kukamilika. Watumishi wa Serikali waliwekewa utaratibu wao wa majadiliano, lakini waliolipwa zaidi ya pauni 702 kwa mwaka walikatazwa kujiunga na vyama vya wafanyakazi. Viongozi wa TFL walilalamika, na hofu yao haikuwa ya bure: Februari 1964, baada ya maasi ya jeshi, shirikisho hilo lilivunjwa na NUTA ikaundwa kwa sheria.

Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003 inaruhusu mgomo kwa masharti. Kawawa aliishi hadi kuiona. Alifariki dunia tarehe 31 Desemba, 2009.