Tafakuri ya Ramadhani: Sayyid Barghash na soko lililofungwa



Juzi baada ya tarawehe kijana mmoja aliniuliza swali zito: kama dini yetu inahimiza kuwaacha huru watumwa, mbona soko kubwa la watumwa lilikuwa Unguja, kwa Waislamu? Nikamwahidi kujibu hapa. Jibu langu ni maisha ya mtu mmoja, Sayyid Barghash bin Said.

Barghash alikuwa mtoto wa Sultani Sayyid Said. Mama yake alikuwa suria kutoka Uhabeshi. Yaani huyu mtoto wa mfalme alizaliwa na mwanamke aliyeingia nyumbani kama mtumwa. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake, Sultani Majid, akashindwa na kupelekwa uhamishoni Bombay. Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash akakalia kiti.

Aliikuta nchi inayokula kwa jasho la watumwa. Walipalilia na kuchuma karafuu. Wengine walitembezwa kwa miguu kutoka bara, hata njia za huku kwetu za Tabora, mpaka pwani. Pale Mkunazini, mjini Unguja, mtu alikaguliwa meno na misuli kama sisi tunavyokagua ng'ombe mnadani.

Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu mingi. Mwaka uliofuata Waingereza wakamtaka Barghash aizuie biashara ile. Akakataa, akihofia matajiri wake na mapato yake. Walipotishia kuizingira Zanzibar kwa manowari, akasaini. Ilikuwa tarehe 5 Juni 1873. Kusafirisha watumwa baharini kukapigwa marufuku, soko likafungwa. Mwaka 1876 akapiga marufuku pia misafara ya watumwa ya nchi kavu.

Huyu ndiye aliyewaletea watu wa mjini maji ya mabomba kutoka Chemchem na kujenga Beit al-Ajaib. Mema yake yapo. Lakini tuseme kweli, maana tumefunga: soko alilifunga kwa kulazimishwa. Na soko lilipofungwa, mtumwa aliyekuwa ndani ya nyumba alibaki mtumwa. Barghash alifariki mwaka 1888 hali ikiwa hivyo. Sheria ya kuuondoa utumwa wenyewe ilitolewa tarehe 6 Aprili 1897 na Sultani Hamoud bin Mohammed, mtoto wa nduguye. Hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake. Huku bara tulingoja mpaka mwaka 1922.

Sasa kijana wangu, jibu ndilo hili. Dini haikukosa neno. Surat al-Balad inataja kumwacha mtu huru kuwa ndiyo njia ngumu ya kupanda. Katika mafungu manane ya zaka, moja ni la kukomboa watumwa. Hata kafara ya aliyeivunja funga kwa kumwingilia mkewe mchana inaanzia hapo. Waislamu wale waliyasoma haya yote, lakini faida ikawa tamu kuliko aya. Wakangoja manowari ziwafundishe walichokuwa nacho msikitini.

Na sisi je? Masoko yamefungwa, alhamdulillah. Lakini yupo binti wa kazi anayepika futari yetu na mshahara wake wa miezi mitatu hajauona. Yupo kijana mchunga ng'ombe aliyeahidiwa ndama, kila mwaka anaambiwa mwakani. Yupo kibarua aliyetuvunia pamba, tumeuza, yeye bado anazungushwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituamuru tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Tusingoje mpaka atupeleke kwa mtendaji wa kata.

Kazi ya leo ni ndogo: kabla ya magharibi, mwite mmoja unayedaiwa naye, umlipe. Kama huna zote, mpe ulizonazo, umwombe radhi na mpange siku ya kumalizia.

Allah azikubali funga zetu na atutoe Ramadhani hii bila deni la mnyonge. Amin.