Kaburi la Nyeri na kanuni za watoto

Sisi watu wa pwani tukipanda Nyeri hutuingia baridi tangu Karatina. Mwenye kuamka mapema huko huuona Mlima Kenya kabla haujajifunika mawingu. Nami niliuona, lakini safari yangu haikuwa ya mlima. Nilikwenda kulitazama kaburi la mtu ambaye mambo yake yalinibadilisha mimi katika kazi yangu ya ualimu.

Mtu huyo ni Robert Baden-Powell, mwasisi wa skauti. Alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857, akaingia jeshini akiwa na umri wa miaka 19. Jina lake lilivuma kwa sababu ya Mafeking, Afrika ya Kusini, alikozingirwa na Makaburu kwa siku 217, tangu Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Wavulana wa mji huo walikabidhiwa kazi ya kupeleka barua na ujumbe, wakaitimiza barabara. Baden-Powell hakulisahau jambo hilo.

Agosti 1907 aliwachukua wavulana wapatao 20 hadi kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Walikuwamo watoto wa matajiri na watoto wa wafanyakazi. Aliwagawa vikosi vinne, na kila kikosi kikaongozwa na mvulana mwenzao. Mwaka uliofuata alitoa kitabu, na skauti wakaenea duniani.

Sheria ya skauti aliiandika mwenyewe, hilo nisilifiche. Lakini hakuijaza makatazo. Alieleza skauti ni mtu wa namna gani, kisha akawaachia vijana kazi ya kuisimamia. Viongozi wa vikosi huketi katika Baraza la Heshima, wakapanga mambo ya kundi lao. Na mwenzao akikosa, humsikiliza na kuamua. Mtu mzima huwapo, ila kazi yake ni kushauri.

Kwetu Waislamu shura si jambo geni, maana tumeamrishwa kushauriana. Hata hivyo, chuoni na skulini wengi wetu tulikuta kanuni zimekwisha pangwa, na bakora iko tayari. Tulipouliza, tuliambiwa samaki hukunjwa angali mbichi. Nami nilipokuwa mwalimu nilifuata njia hiyo hiyo miaka mingi, na kelele hazikupungua.

Siku moja niliibandua orodha ukutani, nikawauliza wanafunzi wangu wanataka darasa lao liwe la namna gani. Walibishana siku mbili. Walipopatana, kanuni zao zilikuwa chache, na moja ilinihusu mimi: mwalimu naye asichelewe. Haikupita wiki nikachelewa. Nilisimama mbele yao nikaomba radhi, na uso ulinishuka. Tangu siku hiyo wachelewaji walipungua, wala sikuinua bakora.

Lakini hesabu ya mtu haifai kupunguzwa. Mwaka 1896, katika vita vya Wamatabele, Baden-Powell alimweka mateka mmoja, chifu Uwini, mbele ya mahakama ya kijeshi, na chifu akapigwa risasi. Wakubwa zake walichunguza jambo hilo, wakamwondolea lawama. Wenye kufiwa hawakuwamo katika baraza hilo.

Na mwaka 1938, alipohamia Nyeri na mkewe Olave katika nyumba ndogo waliyoiita Paxtu, uwanjani mwa hoteli ya Outspan, wanaume Waafrika wa nchi hii walikuwa wakibeba kipande kwa sheria ambayo hawakuulizwa. Mzee yule aliyewaamini watoto wajiamulie mambo yao alikuwa akiishi katikati ya watu wazima walionyimwa haki hiyo. Nchi nzima ilikuwa kama darasa langu la zamani. Baada yake misitu ya huko iliwaka vita, na Dedan Kimathi, mzaliwa wa Nyeri, alikamatwa mwaka 1956, akahukumiwa mjini humo humo, akanyongwa mwaka 1957.

Baden-Powell alifariki tarehe 8 Januari 1941, naye ana umri wa miaka 83. Amezikwa katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, na majivu ya mkewe, aliyefariki mwaka 1977, yamewekwa hapo hapo. Jiweni imechorwa duara yenye nukta katikati, alama ya skauti yenye maana kwamba mtu amekwenda zake nyumbani.

Niliondoka pale nikiwa nimeamua jambo moja: kumchukulia mtu huyu jema lake bila kuusahau ubaya wake. Walimu wenzangu, na nyinyi walimu wa vyuoni, muhula ukianza waulizeni watoto kwanza, na mkubali kufungwa na kanuni watakazoziweka. La pili hilo ndilo gumu.