Ralph Bunche, Msuluhishi wa Mataifa

Wasomaji wetu wengi wamepata kuona picha za askari wenye kofia za buluu, waliotumwa na Umoja wa Mataifa kusimama kati ya watu waliopigana. Si wengi wamjuao mtu aliyeuweka utaratibu wao.

Ralph Bunche alizaliwa Detroit, Marekani, mwaka 1903. Mama yake alifariki angali kijana, naye akalelewa na bibi yake mjini Los Angeles. Mwaka 1937, akiwa London, alifundishwa Kiswahili na Jomo Kenyatta. Mwaka uliofuata akafika Kenya, akakaa miongoni mwa Wakikuyu.

Septemba 1948 Folke Bernadotte, msuluhishi wa Palestina, aliuawa kwa risasi mjini Yerusalemu. Bunche, msaidizi wake, ilimpasa kuwa naye garini siku ile, ila alicheleweshwa njiani. Akashika kazi ya marehemu. Januari 1949 aliwakutanisha Wamisri na Waisraeli kisiwani Rhodes, akaanza na mambo madogo yasiyomwumiza mtu, ili wazoee kukubaliana. Walipokwama, aliwaonyesha sahani nzuri alizoagiza ziwe ukumbusho wa mkutano: wakitia sahihi, kila mmoja atapata yake, wasipotia, atawavunjia vichwani! Wakatia sahihi tarehe 24 Februari. Lebanoni, Yordani na Siria zikapatana na Israeli mwaka huo huo.

Mwaka 1950 alipewa zawadi ya Nobel, wa kwanza miongoni mwa watu weusi. Alitaka kuikataa, kwani aliona kazi ya amani haifanywi kwa ajili ya zawadi. Mkuu wake, Trygve Lie, akamhimiza aipokee.

Mwaka 1956, baada ya vita vya Suez, aliandaa jeshi la kwanza la kulinda amani. Askari wake waliruhusiwa kupiga risasi kwa kujikinga tu. Mwaka 1960 aliongoza jeshi kama hilo Kongo, kazi iliyomchosha kuliko zote.

Udhaifu wa njia hiyo aliujua. Israeli ilikataa kuwapokea askari hao upande wake, basi wakakaa Misri kwa idhini ya Misri. Idhini ilipoondolewa Mei 1967, wakaondoka. Juni vita vikazuka. Wengi walilaumu. Lakini askari wachache wangekaaje katika nchi isiyowataka, bila wenyewe kugeuka wapiganaji?

Alifariki Desemba 1971, macho yakiwa yamefifia kwa ugonjwa wa kisukari. Waangalizi wasio na silaha, ambao kazi yao aliisimamia tangu 1948, wangali na makao yao Yerusalemu.