Siti binti Saad: Aliacha kuuza vyungu akiwa na miaka 31, sauti ikamfikisha Bombay

Mwaka 1911 mwanamke mmoja aliaga kijijini kwao Fumba, akahamia mjini Unguja. Alikuwa na umri wa miaka 31 hivi. Shule hakusoma, ndugu mwenye cheo hakuwa naye, na kazi aliyoijua ilikuwa moja tu: vyungu. Kufinyanga na kutembeza.

Alipozaliwa mwaka 1880 aliitwa Mtumwa. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mama Mzigua, wote wa tabaka la watumwa. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, yeye akiwa tayari binti wa miaka 17. Kwa mtu kama huyo, kwenda mjini kuanza upya haukuwa mchezo.

Mtaji wake ulikuwa sauti. Akiwa na vyungu kichwani alinadi kwa kuimba, na wateja walimsikia kabla hawajamwona. Ni kama alikuwa mazoezini miaka yote hiyo, ila hakuna aliyemwambia.

Mjini alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa. Huyo alimfundisha kuimba taarab na kutamka Kiarabu sawasawa, maana enzi hizo taarab ilikuwa burudani ya Sultani na wakubwa, ikiimbwa na wanaume, tena kwa Kiarabu. Muuza vyungu akaanza kualikwa kwenye majumba ya matajiri. Jina la Mtumwa likafifia, akawa Siti, yaani bibi wa heshima.

Wenye husuda hawakunyamaza. Walimcheka sura, wakamkumbusha kwamba mjini aliingia na kaniki. Majibu aliyatoa kwa wimbo.

Kubwa zaidi, aliiimba taarab kwa Kiswahili na kuileta mitaani. Aliimba habari ambazo watu walikuwa wakizinong'ona tu. Wimbo wake wa Kijiti ulimhusu mwanamume aliyemuua mwanamke kisha akakimbilia bara, huku wanawake waliokuwa na marehemu ndio wakabebeshwa adhabu. Kuimba jambo hilo waziwazi, mbele ya watawala wa wakati ule, kulitaka moyo.

Mwaka 1928, akikaribia miaka 50, Siti alipanda meli na wenzake kwenda Bombay, India, kurekodi santuri. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Santuri zile zilisikilizwa pwani nzima, hata na watu ambao wasingeruhusiwa kukanyaga zulia la Sultani.

Alipokuwa mzee, Shaaban Robert alimfuata Unguja akamhoji, kisha akaandika kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alifariki Julai 1950.